Kijana wetu mwenye usonji tumpeleke wapi?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), aliyewaumba wanadamu wakiwa na rangi, ndimi na tabia zisizofanana. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, tulikuwa tumekusudia kuendelea na mada ya mirathi, lakini limetufika jambo hapa Nalasi ambalo tumeona haifai kulichelewesha, kwani tunaamini limo katika nyumba nyingi za wasomaji wetu, ila halisemwi.

Usiku mmoja, baada ya sala ya Ishaa, walitujia mume na mke, wakulima wa korosho, watu wa heshima ambao tumewajua tangu utoto wetu. Mzee alikuwa ameishika simu yake kwa mikono miwili.

"Ustadhi katibu," alisema, "tuna swali. Tunaomba msituhukumu kabla hatujalimaliza."

Tukamwambia, "Karibu, mzee wetu. Hapa ni kwenu."

Akatupa simu tusome. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa mpwa wake anayeishi Ulaya. Mpwa alieleza kwamba huko ng'ambo wapo watu wazima wenye usonji, wanaume kwa wanawake, ambao wanatumia uyoga wa porini na dawa nyingine zinazobadilisha fahamu, kisha wanakutana na kusimuliana yaliyowafika. Baadhi yao wanasema kuwa baada ya hapo hofu ya kukaa na watu imewapungua, na kwamba wamezielewa nafsi zao kuliko zamani. Mpwa alimaliza kwa kusema kuwa ikiwa mjomba wake ataridhia, yeye ataangalia namna ya kuzifikisha dawa hizo.

"Basi swali letu ni hili," alisema mzee. "Kama ni dawa, dini inasemaje? Maana jirani yetu ametuambia tusihangaike na vitu vya Ulaya, bangi ipo, tumtilie kidogo kwenye uji, kijana atatulia."

Kijana anayezungumzwa ana umri wa miaka 19. Maneno anayoyatamka kwa siku hayazidi vidole vya mikono. Hatazami mtu machoni. Mvua kubwa ikipiga bati, au pikipiki ikipita karibu, huziba masikio na kulia kwa sauti. Lakini ukimwachia gunia la korosho atazichambua, nzuri upande huu na mbovu upande ule, toka asubuhi hadi adhuhuri, wala hakosei. Mama yake alikuwa kimya muda wote. Tulipomgeukia kumuuliza yeye anaonaje, alijibu maneno ambayo hayajatutoka mpaka leo.

"Wanangu, mimi siombi awe kama nyinyi. Ninaomba siku moja mtu agonge mlango wangu, aseme amekuja kumtazama yeye."

Wasomaji wetu watukufu, makala hii ni jibu letu kwa wazee wale, na kwa kila mzazi mwenye swali kama hilo kifuani.

Usonji ni kitu gani

Kwanza tuondoe yasiyokuwemo. Usonji si jini, si husuda ya jirani, si adhabu kwa mama aliyekosa kutii wazazi wake. Ni namna ambavyo ubongo wa mtoto umekua tofauti tangu mapema kabisa katika maisha yake, na tofauti hiyo inaonekana katika mazungumzo, katika mahusiano na watu, katika kupenda mambo yajirudie kwa utaratibu uleule, na katika namna anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso.

Daktari Leo Kanner, aliyekuwa Baltimore nchini Marekani, ndiye aliyeandika mwaka 1943 habari za watoto 11 wenye hali hii, na mwaka uliofuata Hans Asperger akaandika ya kwake huko Vienna. Kwa miaka mingi baadaye walikuwapo waliodhani kuwa ni hali ya watoto wa Kizungu peke yao. Mtafiti Victor Lotter alitembelea miji kadhaa ya Afrika na mwaka 1978 akachapisha taarifa yake: watoto hawa wapo Afrika pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, katika msikiti unaojaa siku ya Ijumaa, zikihesabiwa na familia zilizobaki nyumbani, wenye usonji hawakosekani. Kama hatuwaoni, basi wamefichwa.

Tuongeze jambo kuhusu chanjo, kwa sababu uvumi wake bado unatufikia. Mwaka 1998 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha makala iliyoihusisha chanjo ya surua na usonji. Makala ile ilibainika kuwa na udanganyifu, na mwaka 2010 jarida lenyewe likaifuta. Mzazi asimnyime mtoto wake chanjo kwa habari iliyokwisha kufutwa na waliyoichapisha.

Hali hii haina dawa ya kuiondoa. Zipo dawa ambazo tabibu anaweza kumwandikia mtu kwa ajili ya mambo yanayofuatana nayo, kama kifafa, kukosa usingizi au ghadhabu zinazomfanya ajiumize. Lipo pia fundisho la subira kwa wazazi na walimu juu ya namna ya kumfundisha mtoto kuomba, kuvaa, kusubiri zamu na kueleza kinachomuuma. Wapo wasiopata kusema maisha yao yote, na wapo waliosoma hadi chuo kikuu.

Habari za vileta njozi

Tuje sasa kwenye dawa alizozitaja mpwa. Kundi hili kwa Kiswahili huitwa vileta njozi, kwa kuwa anayezitumia huona na kusikia mambo kinyume na yalivyo, na fahamu zake hubadilika kwa saa kadhaa. Iliyo mashuhuri zaidi ni LSD, iliyotengenezwa na mkemia wa Uswisi, Albert Hofmann, mwaka 1938, ambaye aligundua athari zake juu ya akili mwaka 1943. Uyoga aliousema mpwa una kemikali iitwayo silosibini, ya ukoo huohuo.

Wengi hawajui kwamba dawa hizi na usonji vimewahi kukutanishwa zamani. Miaka ya 1960 baadhi ya madaktari wa Marekani, akiwamo Lauretta Bender wa hospitali ya Creedmoor mjini New York, waliwapa LSD watoto wadogo waliolazwa wakiwa na hali hii, wakitaraji kuwa watafunguka na kusema. Watoto wale hawakuulizwa kama wanataka. Tiba haikupatikana, na utafiti wa namna hiyo ukakoma. Mwaka 1971 mkataba wa Umoja wa Mataifa ukaziweka dawa hizi katika orodha ya zile zinazodhibitiwa kwa ukali zaidi.

Katika miaka ya karibuni utafiti umerejea, lakini kwa sura nyingine. Mwaka 2018 ilichapishwa taarifa ya jaribio lililofanywa nchini Marekani kwa dawa iitwayo MDMA, ambayo ni jirani wa vileta njozi. Walioshiriki walikuwa watu wazima 12 wenye usonji na hofu kubwa ya kukaa na watu. Wanane walipewa dawa hiyo na wanne wakapewa kidonge kisicho na kitu, wote wakiwa chini ya uangalizi wa wataalamu na wakipata mazungumzo ya tiba. Hofu ilipungua zaidi kwa wale wanane. Hatuna sababu ya kuikanusha habari hii, kwani Mwislamu hakanushi jambo la kweli kwa kuwa tu halimpendezi. Lakini msomaji aipime sawasawa. Ni watu 12. Wote ni watu wazima waliochunguzwa afya zao na kuridhia kwa vinywa vyao. Kilichotibiwa ni hofu, usonji wao ulibaki pale pale. Na mwezi Agosti 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuiidhinisha dawa hiyohiyo kwa ajili ya tiba ya waliopatwa na misiba mikubwa, ikitaka utafiti zaidi.

Sasa linganisha na linalokusudiwa hapa. Unga au uyoga usiojulikana kipimo, uliosafirishwa kwa kificho, utiwe ndani ya uji wa kijana asiyejua ni nini. Wenye usonji wengi wana kifafa, na vitu hivi vinaweza kuwa hatari kwa mwenye kifafa, kwa mwenye maradhi ya moyo, na kwa anayetumia dawa nyingine za akili. Wapo ambao vimewaachia wazimu usioondoka kwa haraka. Na hata yasipotokea hayo, fikiria jambo hili moja: kijana ambaye mlio wa pikipiki tu unamliza, utamfungulia ndani ya kichwa chake sauti na sura zisizokuwapo, kwa saa nyingi, naye hana maneno ya kukuambia, "Baba, inatosha."

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati yake na wale wa ng'ambo. Wao, wawe wamepatia au wamekosea, wamejichagulia wenyewe na wanajisemea wenyewe. Huyu wetu anachaguliwa na wengine. Bangi ya jirani nayo hukumu yake ni hiyohiyo: inamtuliza anayekaa naye, hatujui inamfanya nini yeye. Na sheria ya nchi, yaani Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, haimsamehe mtu kwa kuwa alikusudia kumtibu mwanawe.

Sharia inasemaje

Uharamu wa ulevi umethibiti katika Suratul Maida aya ya 90, na Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa kila kinacholevya kina hukumu ya pombe. Imepokewa pia kutoka kwa Ummu Salama (r.a.) kwamba alikataza kila chenye kulevya na chenye kulegeza. Wanazuoni waliokuja baadaye, kama Imamu al-Qarafi wa madhehebu ya Maliki aliyefariki mwaka 684 Hijria, walipambanua baina ya kinacholevya, kinachoharibu akili na kinacholaza, na kila kimoja wakakipa hukumu zake.

Hatutaki kuificha upande wa pili wa mizani. Wanazuoni wetu wa Shafi wameruhusu kutumia kinachoondoa fahamu pale ambapo kiungo cha mtu ni lazima kikatwe, ili asiteseke. Na hivi leo anayefanyiwa upasuaji hulazwa usingizi, wala hapana anayelipinga hilo. Kwa hiyo mlango wa matibabu upo, lakini una vizingiti vyake: dharura iwe ya kweli, asipatikane mbadala wa halali, tabibu mwaminifu mwenye ujuzi ndiye aamue, na manufaa yawe na nguvu kuliko madhara. Katika swali lililoletwa hakikupatikana hata kizingiti kimoja kilichotimia.

Tunaongeza neno kwa anayesema kuwa kijana huyu hana akili, basi hana dhambi. Kalamu imeondolewa kwa aliyepungukiwa na akili, na ni tabu kwetu kujua mipaka ya kijana huyu ikoje. Hilo tunamwachia Mola wake. Lakini mkono utakaokitia kitu hicho kwenye uji ni wa mtu mwenye akili timamu, na kalamu yake inaandika.

Walichokipata wale wa ng'ambo

Jibu letu lingeweza kukomea hapo, na mzee alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa kama mtu aliyefungiwa mlango. Lakini tuliurudia ule ujumbe wa mpwa mara ya pili, na safari hii tukaona jambo ambalo mwanzo lilitupita. Zaidi ya nusu ya maneno yake hayakuwa juu ya uyoga. Yalikuwa juu ya kukutana: kwamba watu hao walipata wenzao, wakakaa na watu ambao hawakuwacheka wala kuwaharakisha, kila mmoja akasema kwa namna yake na akasikilizwa hadi mwisho. Mtu aliyeishi miaka 30 au 40 akidhani yuko peke yake duniani, akakuta kundi la walio kama yeye, lazima moyo wake utatua.

Na kundi la namna hiyo halikuanza na dawa hizi. Mwaka 1992 watu wenye usonji nchini Marekani waliunda mtandao wao wenyewe wa kusaidiana, na mwaka uliofuata mmoja wa waasisi wake, Jim Sinclair, alisimama mbele ya mkutano mjini Toronto akawaomba wazazi waache kuwalilia watoto wao kana kwamba wamekufa. Nchini Kenya wazazi walianzisha chama chao cha usonji mwaka 2003, na shule ya msingi ya City jijini Nairobi ikawa na kitengo cha watoto hawa. Hapa kwetu, Dar es Salaam, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ina kitengo chake, na jamaa ya Khoja Shia Ithnaasheri wanaendesha shule ya mahitaji maalumu ya Al-Muntazir. Walimu wa elimu maalumu wanafundishwa katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha.

Upo mfano mwingine ambao Waislamu wa Zanzibar wanaujua vizuri. Vijana walioangamizwa na heroini wamekuwa wakiokolewa katika nyumba zinazoitwa soba hausi, na wanaowashika mkono humo wengi ni vijana waliopita njia hiyohiyo wakatoka. Usiku mtu anapotetemeka, anayekaa pembeni yake ni mwenzake anayejua tetemeko hilo. Ikiwa usuhuba una nguvu ya kumtoa mtu kwenye dawa, vipi sisi tuutafute usuhuba kwa kupitia dawa?

Kosa letu

Na hapa ndipo tulipolazimika kuinama sisi. Mama aliposema kwamba anaomba mtu agonge mlango wake, alikuwa na haki ya kutaja jambo ambalo kwa adabu yake hakulitaja, basi tunalitaja sisi. Miaka mitatu iliyopita kijana huyu alikuwa akija msikitini na baba yake. Akifika, alikuwa akivipanga viatu vya waumini nje ya mlango, jozi kwa jozi, kandambili peke yake na viatu vya kufunika peke yake. Lakini siku moja ya Ijumaa kipaza sauti kilipiga mlio mkali, akapiga kelele katikati ya hotuba na kutoka mbio akipita mbele ya wanaosali sunna. Waumini wakalalamika. Kamati ikakaa, na sisi tulioandika kumbukumbu za kikao kile ndio tuliopeleka ujumbe kwa baba yake, kwa maneno laini, kwamba ingekuwa heri abaki nyumbani. Baba aliitikia, "Sawa, ustadhi." Kijana hakuja tena.

Hakuwa na pa kwenda pengine. Wenzake wa rika moja walipopelekwa jandoni, yeye wazazi walihofia ngoma na kelele, wakamtahiri hospitalini peke yake. Hilo lilikuwa jambo la busara, lakini kwetu Wayao jandoni ndiko mtu anakopata wenziwe wa maisha, na yeye alitoka hospitali na kidonda tu. Madrasa alitolewa kwa kuwa hakuweza kukaa kwenye mstari, na shuleni kadhalika. Msikiti ulikuwa mlango wa mwisho.

Nasi tumesoma chuoni, tena tumefundisha, kisa cha mbedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Madina, sahaba wakamwinukia, Mtume (s.a.w.) akawazuia, akamwacha amalize, kisha akaagiza maji yamwagwe na akamwelekeza kwa upole. Tumesoma kuwa alikuwa akiifupisha sala asikiapo mtoto analia, kwa kumhurumia mama. Tumesoma habari ya Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), kipofu ambaye kwa ajili yake iliteremka Suratu Abasa, na baadaye akawa mwadhini na kaimu wa Mtume mjini Madina. Na Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Anas (r.a.) habari ya mwanamke aliyekuwa na jambo katika akili yake, aliyemwambia Mtume (s.a.w.) kuwa ana haja naye. Mtume akamwambia achague njia yoyote ya mji aitakayo, akaenda akasimama naye humo mpaka haja yake ikaisha. Mtume wa Allah, mkuu wa dola, mwenye wageni na majeshi, alimpa mwanamke yule wakati, na alimwachia yeye achague mahali. Sisi tulikuwa na kipaza sauti kibovu, tukaona rahisi kumwondoa mtu kuliko kukirekebisha.

Tulimwomba mzee radhi usiku uleule, mbele ya mkewe. Tunaiandika hapa kwa sababu ujumbe tulioupeleka ulijulikana mtaani, basi na radhi ijulikane.

Yaliyofanyika

Kamati ilikaa tena. Kipaza sauti kilitengenezwa, na sauti ya ndani ikapunguzwa. Pembe ya nyuma, karibu na mlango wa kushoto, ikatengwa kwa ajili ya yeyote anayehitaji kuingia na kutoka bila kupita mbele ya watu. Khatibu akawaeleza waumini hotubani usonji ni nini, bila kumtaja mtu. Baada ya hotuba hiyo walitujia wazazi wa nyumba nyingine nne, mmoja mmoja na kwa kificho, kila mmoja akidhani ni yeye tu. Nyumba moja walikuwa wakimfunga binti yao kwa kamba wanapokwenda shamba. Mama yake alilisema hilo huku akitazama ukuta.

Sasa familia hizo tano zinakutana kila Jumamosi baada ya Alasiri, katika chumba cha madrasa. Hakuna hotuba. Mabibi wanaleta uji, watoto wanafanya wanachokipenda, wazazi wanaelezana kilichofaa na kilichoshindikana. Ratiba haibadilishwi, kwani watoto hawa wanaumia mambo yakibadilika ghafla. Wakati wa mikorosho, familia moja hubaki na watoto wa wengine kwa zamu, na tangu mpango huo uanze yule binti hajafungwa tena.

Haya hayakumaliza kila kitu. Jumamosi mbili za mwanzo kijana wetu alikataa kuingia, akakaa nje chini ya mwembe. Juma la tatu aliingia kwa sababu mtoto mmoja alimwaga debe la choroko sakafuni, naye hakuweza kuvumilia kuziona zimetapakaa. Wakazikusanya wote wawili, bila kusemeshana.

Kwa wazazi wenye watoto wa hali hii tunashauri mambo machache. Mpelekeni mtoto hospitali apimwe, na masikio yake pia yapimwe, kwani wapo wanaodhaniwa kuwa na usonji kumbe hawasikii. Akiwa na degedege au kifafa, dawa ya kifafa isikatizwe kwa ushauri wa mtu yeyote asiye tabibu. Muoneni afisa ustawi wa jamii na mwalimu mkuu, kwani Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma. Kisomo cha Qur'ani kisomwe, ni rehema, ila kisiwe cha kumpiga, kumfukiza moshi wala kumnyima chakula. Na ikiwa kijana wenu ni mtu mzima anayeweza kujieleza, naye amezisikia habari za vileta njozi na anavitamani, msimfokee. Muulizeni kwanza anatafuta nini, mumsikilize hadi mwisho, kisha mumpeleke kwa tabibu. Mtu anayefokewa atakwenda kuvitafuta peke yake.

Kwa viongozi wa misikiti, ombi letu ni moja: someni upya kumbukumbu za vikao vyenu. Kama mmewahi kuandika kuwa fulani abaki nyumbani, nendeni mkagonge mlango.

Juma lililopita, siku ya Jumapili asubuhi, mama yule alisikia hodi. Alikuwa yule mtoto wa choroko, ameongozana na dada yake mdogo. Dada ndiye aliyesema, kwa kuwa kaka yake hasemi. "Shikamoo, bibi. Tumekuja kumtazama." Mama alituambia kwamba alisahau kuitikia shikamoo, akarudi ndani kumwita mwanawe.

Ijumaa iliyofuata kijana alikuja msikitini na baba yake. Alisimama safu ya nyuma mpaka rakaa ya kwanza, kisha akatoka. Tulipomaliza kusali tulikuta viatu vyote vimepangwa.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) azipe subira familia zote zenye watoto wa aina hii, atusamehe tulipowakosea, na atujaalie tuwe majirani wanaogonga milango. Wiki ijayo, inshaallah, tutarejea kwenye mirathi. Wabillahi tawfiq.